Uwanja Laini wa Karashani

Wasifu wa Sista Editruda ulisomwa kanisani na sista mmoja kijana ambaye, nadhani, hakuwahi hata kunywa naye chai. Alisoma vizuri, kwa sauti kama ya redio: mwaka wa nadhiri za kwanza, mwaka wa nadhiri za daima, chuo cha uuguzi, zahanati ya huku, zahanati ya kule, shule ya watoto wasiosikia aliyoisimamia mpaka magoti yakamshinda. Nilikaa benchi la nne kutoka nyuma, upande wa akina mama, nikisubiri. Ulipofika mwaka wetu, sista kijana akasema, "Baadaye alifanya utume Geita," akameza mate, akaendelea na mwaka uliofuata. Maneno manne basi. Baada ya kuzika tulipewa wali na nyama chini ya maturubai, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza marehemu nilimfahamia wapi. Nikamwambia Geita. "Aa, kwenye dhahabu," akasema, akarudi kwenye sahani yake. Na mimi nikala. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiuandika mwaka huo kichwani kila ninapokoroga uji wa wanafunzi, maana sasa nimevuka arobaini na mimi ni mpishi wa shule moja hapa Ngokolo, Shinyanga. Leo nimeamua kuuandika kwenye karatasi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Yaliyonifanya niondoke nyumbani ni ya nyumbani, hayana nafasi hapa; itoshe kusema kwamba nilipopanda basi la Geita niliomba njia nzima nisije nikalazimika kurudi. Paroko wetu alikuwa amesikia kwamba masista wawili wamepanga nyumba katikati ya wachimbaji wadogo na wanatafuta mlei wa kuishi nao, mtu asiyeogopa kazi, mwenye barua ya parokia. Barua nilikuwa nayo. Mtaa wenyewe uliitwa Karashani, ingawa wenyeji wengi, Wasukuma kama mimi, walitamka Kalashani, kwa sababu ulizungukwa na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Zilianza kunguruma kabla jua halijachomoza na hazikunyamaza isipokuwa mafuta yakiisha. Siku ya kwanza nilidhani nitapasuka kichwa. Wiki ya tatu karasha la jirani liliharibika saa nne asubuhi, na watoto wote tuliokuwa tukiwalea wakaanza kulia kwa pamoja, kwa kuwa hawakuwahi kusikia kimya.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, kulea watoto. Akina mama wa Karashani walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye mashine, wengine wakiosha mchanga kwenye mabeseni, na watoto wao wadogo walilala mgongoni au chini ya vivuli vya viroba, wakivuta vumbi lilelile. Sista Editruda alikuwa muuguzi. Alikuwa amewaona watoto wa miaka miwili wanaokohoa kama wazee, akamwandikia Mama Mkuu wa shirika lake barua tatu mpaka akakubaliwa. Hakutaka jengo wala kibao cha mfadhili. Alitaka nyumba ya kupanga kama ya watu wengine, maji ya ndoo kama ya watu wengine, na uwanja wa kuwaweka watoto tangu asubuhi mpaka mama zao watoke kazini. Mwenzake alikuwa Sista Paskazia, kijana, mchangamfu, aliyeugua homa ya ini mwezi wa nne akaondolewa. Upande wa walei nilikuwa mimi, na Bosko, katekista wa kigango, mchimbaji wa zamani aliyekuwa na chumba chake barabara ya pili. Bosko alikuwa na kifua kibovu. Alikuwa akiongea sentensi nusu, anapumzika, anamalizia.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na stoo. Masista walilala chumba kimoja, mimi nililala na magunia ya unga chumba cha pili, cha tatu tulikiacha kwa watoto wanaoumwa. Stoo ndiyo ilikuwa kanisa letu. Paroko alituruhusu kuweka Ekaristi Takatifu humo, kwenye kisanduku cha mbao alichokichonga Bosko, na taa nyekundu ya mafuta iliyoning'inia kwenye msumari. Ukipiga magoti, magoti yanagusa ukuta na visigino vinagusa mlango. Saa kumi na moja na nusu asubuhi tulisali Masifu humo, tukipokezana zaburi kwa kupiga kelele ili tusikiane, maana makarasha yalikuwa yamekwisha kuamka. Lakini kilichomfurahisha Sista kuliko vyote ni uwanja wa nyuma. Karashani nzima ilikuwa mawe, miiba na mashimo, ila nyuma ya nyumba yetu ardhi ilikuwa tambarare, ya kijivu, laini kama unga, haioti nyasi, haifanyi tope. Mtoto akianguka haumii. "Tazama, Leokadia," aliniambia siku nilipofika, akachota ule udongo kwa kiganja, akaumwaga taratibu kati ya vidole. "Kama umechekechwa. Mungu ametuandalia."

Watoto walikuwa wakiletwa kuanzia saa kumi na mbili. Mama anasimama mlangoni, "Mwangaluka, Sista," anamshusha mtoto, anaondoka mbiombio bila kugeuka, kwa kuwa akigeuka mtoto atalia. Nilipika uji wa dona na karanga kwenye sufuria kubwa, saa sita ugali na dagaa au maharage, saa tisa michembe, viazi vile vikavu, niliyoichemsha na karanga mpaka ikawa laini. Kwenye dari ya chumba cha tatu Sista alifunga mzani wa kuning'iniza, na kila Ijumaa tulimpima kila mmoja, na kila Ijumaa Sista alikuwa akitoka chumbani akiwa anacheka. Walikuwa wakinenepa. Hilo lazima niliseme, maana ni kweli, na kwa muda mrefu ndilo nililojitetea nalo. Watoto walionenepa mikononi mwangu! Nilikuwa sijawahi kufanya jambo likaonekana. Jioni, mama zao walipowachukua, wananishika mkono kwa mikono miwili, "Wabeja, mayu," asante, mama; wanawake wenye umri wa mama yangu wananiita mimi mayu. Nikilala kwenye chumba changu cha magunia nilikuwa nikijiambia kwamba hapa ndipo nitakapozeekea.

Katika akina mama wale, niliyemzoea zaidi ni Mama Kulwa. Alikuwa na pacha, Kulwa na Doto, waliokuwa wameanza shule, na baada yao Shija, kabinti ka mwaka mmoja na nusu. Mama Kulwa hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi alikuwa wa kwanza kumleta mtoto, jioni wa mwisho kumchukua. Nyuso za wanawake wengine zilibaki na alama za jasho katikati ya vumbi. Yeye alipitia kwenye ndoo yetu kwanza, akanawa mpaka kwenye viwiko, ndipo akamgusa mwanawe. Shija alikuwa mtoto wa kukaa. Wenzake wanakimbizana, yeye anakaa katikati ya uwanja, miguu ameitandaza, anachota udongo, anautia mdomoni. Tulimcheka. "Huyu ana mimba," Bosko alikuwa akisema, na watoto wakubwa wanarudia, "Shija ana mimba! Shija ana mimba!" Namfuta mdomo kwa kona ya kanga, nageukia sufuria yangu, nikirudi anatafuna tena.

Jikoni kwetu na kibanda cha Mama Zuhura, mama ntilie wa jirani, vilitenganishwa na mabati tu. Wachimbaji walikuwa wakila pale mchana, na kila walichosema nilikisikia. Kwa njia hiyo nilijifunza mji ule. Nilijua duara lipi, yaani shimo la kuchimbia, limetoa dhahabu, nani amefukiwa, nani amekimbia na mali ya wenzake. Mwezi wa sita, siku moja nachambua dagaa, nikasikia sauti ya mtu mzima ikisema, "Hivi hawa masista wanajua walichokikalia?"

"Wamekalia nini?" mwenzake akauliza, mdomo umejaa.

"Marudio. Pale palikuwa korongo. Mzee Masalu alipokuwa na makarasha yake, marudio yote alikuwa anamwaga pale mpaka pakajaa, ndiyo akajenga nyumba. Yale ya zamani, ya zebaki nyingi. Mali bado imo mle. Anasubiri tu mtu wa mtambo."

"Na watoto wanacheza juu ya mali," akasema yule wa pili, wakacheka, wakaagiza maji.

Mtu wa Karashani hahitaji kuelezwa marudio. Ni mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa, na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Na hata mimi, mgeni wa miezi michache, nilikuwa nimewaona wazee waliochoma zebaki miaka yao yote, mikono inawatetemeka hawawezi kujifunga vifungo. Nilibaki na dagaa mkononi. Nilipoinua macho nilimwona Shija kupitia mlango wa jiko, amekaa pale pale, anakula.

Sikumwambia mtu. Nimejiuliza miaka yote kwa nini, na jibu ni dogo kuliko kosa. Nilimjua Sista Editruda. Ningemwambia saa saba, saa nane angekuwa amefunga uwanja, kesho yake barua ingekwenda kwa Mama Mkuu, na mwisho wa mwezi mimi ningekuwa kwenye basi la kurudi nyumbani. Hilo tu. Nikajiambia mvua ngapi zimenyesha tangu Mzee Masalu aache makarasha. Kama kulikuwa na kitu, kimekwisha zama chini. Nikajiambia wanaume wakishiba husema lolote. Nikajiambia mzani haudanganyi. Halafu nikaanza kuhangaika kimyakimya. Nikaomba viroba vitupu kwa wachimbaji, nikavishona kuwa mikeka mikubwa, nikaitandika uwanjani. Nikawa namwagia maji asubuhi ili vumbi lilale. Watoto walikaa kwenye mikeka robo saa, wakarudi kwenye mchanga, kwa kuwa mchanga ulikuwa mtamu kuchezea. Sista alipoiona mikeka alinisifu mbele ya akina mama wote. "Leokadia amekuwa mama hasa," akasema, wakanipigia vigelegele, na mimi nikasimama pale nikivipokea.

Mwezi wa nane Shija, ambaye alikuwa ameanza kujishikilia ukutani na kusimama, aliacha kusimama. Kijiko kilikuwa kikimtetemeka mkononi, uji unamwagika kifuani. Alikuwa akitoa udenda kama mtoto wa miezi sita. Sista alimbeba mwenyewe mpaka hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye foleni mpaka nje. Akamtazama macho, akamgonga magoti, akaandika dawa ya minyoo na vitamini. Sista aliporudi alikaa jikoni kwangu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akamweka Shija mapajani. "Kuna kitu sikioni," akasema. "Nimesoma miaka mitatu, nimefanya kazi miaka kumi na tisa, na kuna kitu kiko mbele yangu sikioni." Nilikuwa nakoroga ugali. Niliendelea kukoroga. Ule ugali ukawa mgumu mpaka mwiko ukasimama, na yeye akadhani nimechoka, akaniambia nikapumzike.

Kilichofuata hakikutoka kwangu. Wiki za mwisho za kiangazi alikuja mtu mwenye buti safi, akazunguka uwanja wetu bila kubisha hodi, akachota udongo kwenye pembe nne, akatia kwenye mifuko ya nailoni, akaandika namba, akaenda zake. Siku tatu baadaye Mzee Masalu mwenyewe alifika, amevaa koti, akakataa chai. Alisema anataka kukarabati nyumba, tumpishe mwisho wa mwezi. "Ukarabati gani, Mzee, nyumba haina ufa?" Sista akamuuliza. Mzee akatazama paa, akasema mambo ya ukarabati ni ya mwenye nyumba. Alipoondoka, Mama Zuhura akapita kwenye uwazi wa mabati akiwa bado na mwiko. Alikuwa Mwislamu, alikuwa akituletea futari tukamletea mandazi ya Pasaka, na siku ile aliona aibu kwa niaba ya mtaa mzima.

"Sista, usihangaike na ukarabati," akasema. "Anauza udongo. Wamekuja watu wa sianidi, wanachenjua marudio ya zamani. Hapa mlipo ni marudio matupu, kutoka ukuta ule mpaka choo."

"Marudio," Sista akasema.

"Ya makarasha yake. Ya zamani."

"Yenye zebaki?"

Mama Zuhura akamtazama kana kwamba ameulizwa kama ziwa lina maji. "Sasa Sista, marudio gani yasiyo na zebaki?"

Sista Editruda hakupiga kelele. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akapiga magoti kwa Shija, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akaingiza kidole cha shahada, akaanza kuutoa udongo, kwenye fizi, chini ya ulimi, kwenye mashavu, anapangusa kwenye vazi lake jeupe, anarudia. Mtoto alilia. Yeye aliendelea hata baada ya kutoka mate matupu. Watoto wengine wakamzunguka wakidhani ni mchezo, wakafungua midomo yao wote, wakisubiri zamu. Mimi nilisimama mlangoni pa jiko. Ningeweza kusema wakati ule. Ndio ulikuwa wakati.

Jioni ile aliwakusanya akina mama. Bosko alimkataza kwanza. Alimwambia, kwa zile sentensi zake za vipande, kwamba awarudishie watoto tu, aseme nyumba imeuzwa, asitaje marudio. "Wewe utasema sumu," akasema, akapumzika. "Wao watasikia dhahabu." Sista akamjibu kwamba hawezi kumficha mama kitu alichokula mwanawe. Wakakaa kwenye ile mikeka yangu, wanawake thelathini na zaidi, na Sista akiwa amesimama akawaeleza yote: udongo ni wa marudio, una zebaki, zebaki inaingia kwenye mwili wa mtoto na kuharibu ubongo, kuanzia kesho uwanja umefungwa, kila mtoto apelekwe hospitali, yeye atawasindikiza. Akaomba msamaha. Alipiga magoti kuomba msamaha, na wanawake wakainamisha macho, maana si kawaida kwa sista kuwapigia magoti. Hakuna aliyeuliza swali. Nilikuwa nikiwatazama nyuso, natafuta hasira, naitamani. Waliwafunga watoto migongoni wakaondoka wakinong'onezana.

Tulipotoka kwenye Masifu asubuhi walikuwa wamekwisha fika. Hawakuja na watoto wa kutuachia. Walikuja na mabeseni, majembe, viroba, na watoto mgongoni. Walikuwa wamechimba pembe nzima ya choo. Wengine walikuwa akina mama zetu, wengine sikuwajua, na wanaume walikuwa wakiendelea kufika kutoka madukani na makarashani, kila mmoja akiwahi kabla magari ya Mzee Masalu hayajaja. Mikeka walikuwa wameikunja vizuri wakaiweka pembeni. Nilimwona Mama Kulwa, ndani ya shimo mpaka kiunoni, Shija mgongoni, kichwa cha mtoto kinagonga kila jembe linaposhuka.

Nikamkimbilia. "Mama Kulwa, hukusikia Sista alivyosema jana?"

"Nimesikia."

"Amesema ni sumu!"

Akasimama, akaegemea mpini. Hakuwa amekasirika. "Leokadia," akasema, "na huko ninakoponda mawe, unadhani ni maziwa?" Akainama akaendelea.

Saa nne walikuwa wamefika kwenye msingi. Ukuta wa stoo ukapata ufa kutoka chini mpaka juu, na Bosko akaja ndani akisema nyumba haitamaliza siku. Sista akaingia stoo. Akazima ile taa nyekundu, akafungua kisanduku, akaichukua Ekaristi, akajifunika mabega kwa kitenge changu kwa kuwa vazi la ibada halikuwepo, akatoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele ulikuwa umezibwa na viroba. Bosko alimtangulia akigonga kengele ndogo. Na hapo nikaona jambo ambalo sijui mpaka leo niliweke wapi. Walipoisikia kengele, wanawake wale waliacha majembe, wakapiga magoti humo humo mashimoni. Wanaume wakavua kofia. Wakafanya ishara ya msalaba kwa mikono iliyojaa udongo wa kijivu, na uwanja mzima ukawa kimya, isipokuwa makarasha. Sista akapita katikati yao taratibu, akitafuta pa kukanyaga. Alipovuka kona ya kibanda cha Mama Zuhura, wakainuka wakaendelea kuchimba.

Mchana wakaja mgambo na fimbo, wakawatimua, wakawanyang'anya viroba. Kesho yake yakaja magari na kijiko cha kuchimbia, na kwa siku tano walibeba uwanja, sakafu, choo, mpaka nyumba yenyewe ikalala. Sisi tulikuwa tukilala parokiani. Sista alijaribu kuwapeleka watoto kupimwa. Kwa Karashani nzima walikuja saba tu. Hospitali wakasema kipimo cha zebaki hakipo, labda jijini, labda Dar es Salaam, na hata kikipatikana dawa ni jambo lingine. Aliandika barua kwenye ofisi ambazo sitazitaja. Moja ilijibu kwamba suala limepokelewa. Mama Mkuu akamwita arudi. Siku ya kuondoka tulikaa wawili stendi, masanduku miguuni, tunakula mihogo ya kuchoma kwenye gazeti. Alikuwa amekonda. Akanishika mkono, akasema, "Leokadia, nisamehe. Nilikuleta hapa ukiwa msichana mzima, nikakuweka kufagia sumu na kuwalisha watoto juu yake, na wewe hukujua lolote."

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Sista."

Nilimtembelea mara mbili baadaye, kwenye ile shule ya viziwi. Mara zote alinitambulisha kwa wenzake kama msichana aliyewashonea watoto mikeka. Mara zote nilikuwa nimekwenda kusema, na mara zote nilirudi na mayai aliyonifungia. Sasa amelala Shinyanga chini ya msalaba mpya, na mimi ninalo neno lilelile ambalo sikumwambia.

Wiki mbili baada ya mazishi niliomba ruhusa kazini nikaenda Geita, nikijiambia kwamba nampelekea Mama Kulwa habari ya msiba. Karashani imejengwa, kuna maduka ya simu na nyumba za ghorofa, lakini pale kwetu pamebaki shimo lenye maji ya kijani, limezungushiwa senyenge. Mama Zuhura alihamia Chato, wakaniambia. Bosko alikufa kwa kifua, siku nyingi. Mama Kulwa nilimkuta chumba cha uani, amezeeka kuliko mimi na mama yangu kwa pamoja. Aliposhika kikombe kunikaribisha chai, kiligonga kwenye sahani mpaka nikampokea. Shija alikuwa kwenye godoro karibu na mlango, ameegemezwa mto. Ni mwanamke mtu mzima sasa, miaka ishirini inakaribia, ana nywele nzuri zilizosukwa. Hasemi. Hakutembea kamwe. Alinitazama, akatazama mlango.

Nilimwambia habari ya Sista. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha, kabla sijapata muda wa kuogopa, nikamwambia kwamba nilijua. Nilisikia kwenye mabati mwezi wa sita, miezi mitatu kabla ya Sista kujua, nikanyamaza, kwa kuwa sikutaka kurudi kwetu. Nilisema nikiangalia sakafu. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili hiyo.

"Wewe ulisikia mwezi wa sita," akasema Mama Kulwa. "Mimi niliumwaga."

Sikumwelewa.

"Ule udongo. Kabla sijaolewa nilikuwa kibarua kwa Mzee Masalu. Tulikuwa wasichana sita. Tunabeba marudio kichwani kutoka karashani kwake, tunamwaga korongoni. Mwaka mzima, mpaka korongo likajaa." Alikuwa akisema bila haraka, mikono ameikalia ili itulie. "Siku mlipofungua, nilisimama pale mlangoni na Shija nikajua ninamweka juu ya nini."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngeondoka." Akamtazama mwanawe. "Kule kwenye mawe alikuwa anakula vumbi lilelile, na hakuna uji. Kwenu kulikuwa na uji."

Nje karasha liliwaka, kisha lingine. Mama Kulwa akaniuliza kama Sista alikufa akijua habari hii, nikasema hapana, sikuwahi kumwambia. Akasema, "Basi." Kisha akavuta bakuli kutoka chini ya meza, kwa kuwa saa ya Shija kula ilikuwa imefika, na akanipa mimi kijiko, maana yeye siku hizi humwagia. Nikakaa kwenye godoro, nikamshika kichwa Shija. Alifungua mdomo kabla sijamwambia.